Mambo ya nje ni yetu pia, tuulizwe kabla ya kusaini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo naona tumewaachia wakubwa peke yao wakati linatugusa sisi wa chini kuliko linavyowagusa wao, nalo ni siasa ya mambo ya nje. Ukianza kuliongelea kijiweni unaambiwa achana nalo, hayo ni ya marais na mabalozi, wewe hangaika na nauli na bei ya unga. Mimi nasema nauli na bei ya unga ndo mambo ya nje yenyewe, na sisi tunaokaa mipakani hilo tunalijua bila kufundishwa na mtu.

Mimi nafanya biashara ya mazao huku Kyela, ndizi na mchele. Mwezi wa tatu mwaka 2025 Malawi ilizuia bidhaa kibao kutoka kwetu, unga wa mahindi, mchele, tangawizi, ndizi, wakasema wanalinda wazalishaji wao. Afrika Kusini nao ndizi zetu walikuwa hawazitaki kwa muda mrefu. Mwezi wa nne Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, akatangaza na sisi tunazuia mazao yote ya nchi hizo mbili yasiingie, na mbolea yetu isiende Malawi, ikaanza kutekelezwa siku hiyohiyo usiku. Siku chache baadaye wakubwa wakaongea na zuio likaondolewa. Sisemi serikali ilikosea kujibu, mtu akikufungia mlango lazima uongee naye kwa sauti. Ninachosema ni kwamba kuanzia Malawi ilipofunga mpaka sisi tulipojibu ulipita mwezi mzima na zaidi, na pale Kasumulu, mpakani na Malawi, kuna watu wanaojua kila kitu kinachovuka daraja la Songwe, nani ananunua, nani anategemea nini, mzigo gani ukizuiwa unamuumiza Mmalawi na upi unatuumiza wenyewe. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga ni ndugu, tunaoana, tunazikana. Ujuzi wote huo upo pale barabarani bure kabisa na sikusikia mtu amekuja kuuomba. Tulisikia kwenye taarifa ya habari kama watu wengine wote.

Kuna watakaosema wananchi hawana uwezo wa kuamua mambo mazito ya kimataifa. Hao nawaomba wakumbuke mwaka 2006 na 2007, na hapa naomba nikae kidogo maana naona vijana wengi hawaijui hii habari na ni habari nzuri sana.

Mwaka 2004 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati huo ikiwa na nchi tatu tu, waliunda kamati chini ya Amos Wako, mwanasheria mkuu wa Kenya wa kipindi hicho, itazame namna ya kuharakisha shirikisho la kisiasa. Kamati ikarudi na ratiba ya kwamba ifikapo 2013 tuwe na shirikisho lenye rais wake. Yaani nchi moja! Sasa badala ya marais kukaa hotelini wakasaini wakaondoka, walikubaliana kila nchi ikaulize watu wake. Kwetu Rais Kikwete akaunda kamati ya Profesa Samuel Wangwe, wakazunguka nchi nzima, bara na visiwani, wakasikiliza watu kwenye mikutano. Na watu waliongea jamani. Waliongea ardhi, kwamba sisi ardhi yetu ni kubwa na sheria zetu za ardhi siyo kama za jirani, je wenye hela wa nchi nyingine wakija kununua itakuaje. Waliongea ajira, usalama, siasa za kikabila za baadhi ya majirani, na Muungano wetu wenyewe na Zanzibar utakaa wapi ndani ya hilo shirikisho. Haya siyo maswali ya watu wajinga, haya ndo maswali ambayo profesa wa siasa angeyauliza. Mwishowe Watanzania walio wengi sana wakakataa haraka ile, wakati Kenya na Uganda wengi walikuwa tayari. Agosti 2007 marais wakakutana Arusha wakakubali kwamba haraka tuiache, tujenge kwanza umoja wa forodha na soko la pamoja.

Halafu angalia kilichofuata. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na ikaanza kufanya kazi Julai 2010, ukiifungua ibara ya 15 utakuta imeandikwa kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi yatafuata sera na sheria za kila nchi. Wajumbe wetu waliikomalia ile ardhi kwenye mazungumzo kwelikweli, na mimi sioni namna wangeweza kukomaa vile kama wasingekuwa na ile ripoti ya Wangwe mkononi. Yule mama wa Sumbawanga au mzee wa Handeni aliyesimama kwenye mkutano akasema ardhi hapana, neno lake limeingia kwenye mkataba wa kimataifa. Nikifikiria hilo huwa najisikia fahari sana.

Sasa kwanini tulilifanya mara moja tukaacha? Jumuiya hiyohiyo, Kongo imeingia 2022, nchi kubwa kuliko sisi kwa watu na eneo na ina vita mashariki kwake. Somalia ikaingia, ikakamilisha uanachama Machi 2024. Mimi sina shida na Wakongo wala Wasomali, biashara ya bandari yetu na Kongo ni kubwa na tunaelewana kwa lugha, pengine tungeulizwa wengi wetu tungekubali kwa mikono miwili. Lakini hatukuulizwa. Wale waliozunguka nchi nzima kuuliza habari ya Kenya na Uganda hawakuzunguka tena kuuliza habari ya Mogadishu.

Na siyo jumuiya tu. Tanzania ya Mwalimu iliitambua Sahara Magharibi, ambayo Morocco inadai ni yake, mwaka 1978, ikasimama na Wasaharawi kwenye vikao vya Afrika miaka na miaka. Oktoba 2016 Mfalme wa Morocco akaja Dar es Salaam na ikasainiwa mikataba zaidi ya 20. Inawezekana kabisa kwamba dunia imebadilika na kuwa marafiki wa Morocco ni jambo la maana, ila mimi kwa kumbukumbu zangu mtaani watu waliongea zaidi habari ya uwanja wa mpira ulioahidiwa Dodoma kuliko habari ya Wasaharawi. Hakuna aliyekuja kutuambia jamani tulikuwa tunasimama hapa, sasa tunataka kusogea pale, sababu ni hizi.

Mtu ataniambia hata Mwalimu alikuwa haulizi. Ni kweli, Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia na tukapoteza mkopo wa paundi milioni 7.5, hakupita vijijini kuomba ruhusa. Ila alikuwa anaeleza, tena kwa Kiswahili ambacho bibi yangu alikielewa. Novemba 1978 pale Diamond Jubilee alipotangaza vita na Idi Amin aliongea na wazee akaeleza Kagera imefanywa nini, na watu wakaelewa mpaka wakatoa ng'ombe na nafaka zao kuchangia vita. Kueleza ni hatua ya kwanza. Na zama zile ni zile, leo tuna katiba ambayo ibara ya 21 inasema kila raia ana haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu kwenye kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au yanayolihusu Taifa. Haijaandikwa pale isipokuwa mambo ya nje.

Nije kwenye bandari, maana najua kila anayesoma barua hii anaiwazia hiyo. Mkataba wa bandari kati ya serikali yetu na Dubai ulisainiwa tarehe 25 Oktoba 2022. Bunge likaridhia tarehe 10 Juni 2023. Katikati hapo kuna miezi zaidi ya saba, hiyo miezi saba ilitosha kabisa kuzunguka mikoa yote mara mbili, lakini mwaliko wa watu kwenda Dodoma kutoa maoni ulikuja dakika za mwisho, kwa muda mfupi mno, sasa mtu wa Kyela au wa Kigoma anafikaje? Wengi tuliujua mkataba ule kupitia WhatsApp, nakala ya Kiingereza cha kisheria, kila mtu anaitafsiri anavyojua yeye. Huyu anasema bandari imeuzwa milele, yule anasema ni uwekezaji wa kawaida, na wote wawili hawajamaliza kusoma. Kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu Mbeya ikatupwa Agosti, wiki ileile na iliyofuata kuna watu wakakamatwa, maaskofu Wakatoliki wa TEC nao wakatoa tamko likasomwa makanisani, na mjadala wa bandari ukaanza kuwa mjadala wa dini ya mtu na alipotoka mtu. Hiyo iliniuma sana. Nchi yetu haikustahili kufikishwa pale kwa sababu ya haraka.

Na angalia tena, kilichopigiwa kelele zaidi kwenye mkataba ule ni ukomo, kwamba hauoneshi unaisha lini. Oktoba 2023 ilipokuja kusainiwa mikataba ya utekelezaji pale Chamwino tukaambiwa ukomo ni miaka 30 na utendaji utapimwa kila baada ya miaka mitano. Mimi naamini kelele zilisaidia. Kama ni hivyo basi hizo kelele zilikuwa ni maoni ya wananchi yaliyokosa mlango wa kupitia, yakapitia dirishani. Mngefungua mlango mapema tungefika palepale bila watu kulala mahabusu.

Tena Bunge letu likipewa nafasi linaweza. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulitaka Afrika Mashariki isaini ule mkataba wa biashara wa EPA. Kenya na Rwanda wakasaini mwezi wa tisa. Sisi Novemba suala likaletwa bungeni kabla ya kusaini, naomba uliwekee mstari hilo, KABLA ya kusaini, wabunge wa CCM na wa upinzani wakachambua wote wakasema hapana, viwanda vyetu vitakufa. Hata marehemu Mzee Mkapa aliyekuwa rais mstaafu aliandika magazetini kuupinga, kwa hoja na takwimu. Unaweza ukakubaliana nao au usikubaliane, Kenya baadaye ilisaini wa kwake peke yake na umeanza kazi Julai 2024, lakini uamuzi ule ulikuwa wa nchi, ulijadiliwa hadharani. Tatizo utaratibu huo haujafanywa sheria. Katiba ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kwa hiyo ule usiohitaji kuridhiwa unapita hivihivi, na ule unaoridhiwa unafika bungeni umeshasainiwa, mbunge anabaki na ndiyo au hapana, na ukisema hapana unaonekana umemuaibisha rais mbele ya wageni.

Hoja kubwa ya wanaotaka mambo haya yabaki ofisini ni kwamba kwenye mazungumzo lazima kuwe na siri, huwezi kumuonesha mwenzako karata zako. Naielewa hiyo na kwenye mambo ya kijeshi naikubali. Lakini mara nyingi wananchi ndo karata yenyewe. Mtu akienda kuuza shamba la ukoo, mnunuzi akijua huyu anaamua mwenyewe atambana mpaka akubali bei ya kutupa, akijua nyuma yake wapo shangazi na baba wadogo ambao lazima wakubali ataongeza bei mwenyewe. Wadenmark walifanya hivyo. Juni 1992 waliulizwa kwa kura kama wanakubali mkataba wa Maastricht uliotengeneza Umoja wa Ulaya, wakakataa kwa tofauti ndogo mno, wa hapana walikuwa asilimia 50.7. Nchi ndogo ile ikazisimamisha Ujerumani na Ufaransa. Wakaitwa mezani upya, wakapewa mambo manne wasiyoyataka yasiwahusu, mojawapo ni sarafu ya pamoja, mwaka uliofuata wakapiga kura tena wakakubali. Waziri wao angeenda peke yake kusema mimi sipendi hili na lile nani angemsikiliza? Alisikilizwa kwa sababu alikuwa na watu nyuma. Wapatanishi wetu wanapokaa na Wachina, Waarabu, Wazungu, mashirika yenye mawakili hamsini, wakiweza kusema "hiki kifungu watu wangu hawatakikubali, tazama maoni yao haya hapa", hiyo ni silaha ambayo hatuinunui kwa dola hata moja.

Jirani zetu Wakenya wametutangulia kwenye hili japo nao wana matatizo yao. Katiba yao ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi kuwa tunu ya taifa, na wana sheria ya mwaka 2012 inayosimamia mikataba. Serikali yao ilipotaka kupeleka polisi 1,000 Haiti, mwanasiasa Ekuru Aukot na wenzake wakaenda mahakamani, Januari 2024 Jaji Mwita akasema haiwezekani bila kuwepo makubaliano ya pande zote mbili na nchi wanayokwenda. Serikali ikalazimika kwenda kuyatafuta, yakasainiwa Machi, na kundi la kwanza likatua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ileile ambayo vijana wa Nairobi waliingia bungeni kupinga muswada wa fedha. Polisi walienda, ndiyo, waliokataa hawakushinda. Lakini angalau raia aliweza kuisimamisha serikali yake na kuiuliza unapeleka watoto wetu kwa sheria gani. Sisi vijana wetu wamekufa Kongo. Desemba 2017 kule Semuliki walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa kwenye shambulio moja, na baada ya hapo tukapeleka tena jeshi chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwishoni mwa 2023, likaondoka 2025 baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Ninaheshimu sana kazi ya wale askari, nina ndugu wanaovaa magwanda. Familia zao zina haki ya kusikia Bunge likijadili hadharani tunaenda kutafuta nini, kwa muda gani, na tutatokaje.

Mei 2025 imezinduliwa sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 toleo la 2024, ndani yake kuna uchumi wa buluu, diaspora, na kukikuza Kiswahili duniani. Hilo la Kiswahili nimelipenda, tumekipeleka SADC 2019, AU 2022, na hongera kwa waliolipigania. Basi kianzie hapa nyumbani. Mkataba wowote unaohusu ardhi, bandari, madini, mipaka, chakula au jeshi, rasimu yake itoke kwa Kiswahili angalau miezi mitatu kabla ya kusainiwa, isomwe redioni, ijadiliwe kwenye vikao vya madiwani. Na Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama itoke Dodoma, ije mipakani, Tunduma, Namanga, Mutukula, Kabanga, Kasumulu, ikae na watu chini ya mwembe siku mbili tatu. Mikutano ya maoni ya hotelini wanaenda walewale kila siku, wenye posho. Gharama ya kuja huku haizidi ya safari moja ya ujumbe kwenda Geneva.

Na wakija Kyela wana kazi inawasubiri, Ziwa Nyasa. Mpaka tunaogombana na Malawi unatokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Malawi inausoma kwamba maji yote ya upande huu ni yake mpaka ufukweni kwetu, sisi tunasema mpaka upo katikati ya maji kama sheria za kimataifa zinavyotaka. Mwaka 2012 ikawa moto, Malawi imetoa vibali vya kutafuta mafuta, suala likapelekwa kwa marais wastaafu wa SADC chini ya Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, na mpaka leo halijafungwa. Mwaka 1890 hakuna mvuvi aliyeulizwa, tuliokuwa tunatawaliwa hatuna la kufanya kuhusu hilo. Lakini mazungumzo yakirudi mezani sasa hivi, wavuvi wa Matema, Lupingu, Mbamba Bay na Liuli wapo, wanajua nyavu zao zinafika wapi na babu zao walivua wapi, na wanajuana kwa majina na wavuvi wa Likoma na Nkhata Bay. Naomba Wizara itwambie, kupitia gazeti hili kama itapenda, ni lini itakuja kuwasikiliza.

Mfanyabiashara wa mazao,
Kyela, Mbeya